Wazee Wawili na Mabati ya Kyaka

Somanda, Bariadi
Jumapili, baada ya misa

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Naomba barua hii ikukute umeketi vizuri na lile goti lako limetulia. Je, mbuzi mweusi alizaa salama? Na zile dawa nilizotuma kwa kijana wa basi zilikufikia zikiwa kamili? Sisi hapa miili ni mizima. Kulwa na Doto wamekuwa warefu, viatu vya shule havidumu, na Doto ameanza kunijibu kwa Kisukuma akitaka nisielewe, akidhani miaka yote niliyokaa hapa nilikuwa nimeziba masikio. Baba yao bado yuko Mwanza kwenye ujenzi. Anakuja mwisho wa mwezi, anakula, analala, anaondoka, ananiachia mimi nyumba na vita vyake.

Utashangaa kupata barua badala ya simu. Simu yako huishika mke wa kaka, naye huifungulia sauti mpaka wapita njia wanasikia. Hili ninalotaka kukuambia lisome mwenyewe, na miwani yako, mlango umefungwa. Ukimaliza ndipo uamue nani wa kumwambia.

Mama, nimechoka na wazee wawili.

Wa kwanza unamjua. Ni baba mkwe, Mzee Masunga, aliyekuja kutoa mahari kwa baba mdogo pale Bukoba, akakataa kukalia kochi kwa sababu lilikuwa laini mno. Tangu mama mkwe afariki anakaa nasi hapa Somanda, ingawa kila asubuhi anasema kesho anarudi kijijini kwenye pamba yake. Unajua pia kwamba alipigana vita ya Kagera. Alichukuliwa kutoka mgambo akiwa kijana, akaenda kwa miguu mpaka Uganda, akarudi na kipande cha chuma kwenye mguu wa kushoto. Kipande hicho nimesikia habari zake mara nyingi kuliko habari za mume wangu.

Wa pili humjui, na huyo ndiye sababu ya mlango kufungwa. Anaitwa Drani. Alikuja mwaka jana kutoka Arua, Uganda, kutengeneza mashine za kiwanda kimoja cha kuchambua pamba hapa mjini. Mashine ni za zamani, na mafundi wa kuzijua wamebaki wachache, nao ni wazee. Tulikuwa na chumba cha uani kitupu, akakichukua. Ni mtu mrefu, mkimya, anafua nguo zake mwenyewe, anakwenda misa ya kwanza. Kiswahili chake ni cha ajabu, hakina ngeli hata moja. Kila kitu kwake ni "hii". Hii chakula, hii watoto, hii mvua. Kulwa na Doto walimpenda siku ileile.

Siku ya tatu baba mkwe alikuwa anakunywa uji pale uani. Akamuuliza kwa wema tu, "Mgeni, Kiswahili ulijifunzia wapi?"

"Jeshini," akajibu.

"Jeshi gani?"

Drani akajifuta mafuta ya mashine mikononi. "Ya Uganda. Hii ya wakati ule."

Baba mkwe akaweka kikombe chini. "Ulifika Lukaya?"

"Nilifika."

"Na mimi nilikuwa Lukaya."

"Basi pengine ni wewe ulinipiga," akasema Drani, na hakuwa anatania.

Mama, uji ule haukunyweka tena. Baba mkwe aliinuka, akaniita jikoni, akaniambia mtu yule atoke kabla jua halijazama. Nikamwambia chumba kina mkataba wa miezi sita na mwenye mkataba ni mwanawe. Nikampigia baba Kulwa. Akasema, "Ongea nao taratibu." Hiyo ndiyo hekima yote iliyotoka Mwanza.

Basi baba mkwe akachukua majivu ya jikoni kwangu, akachora mstari katikati ya uwanja, kutoka kwenye bomba mpaka chooni. Upande huu ni wake, upande ule ni wa adui. Upepo ukipeperusha majivu anachora tena. Tatizo ni kwamba jiko liko upande wake na kamba ya nguo iko upande wa Drani, na mimi ninayepika ndiye ninayefua. Kila nilipovuka na beseni aliniangalia kama nimeuza nchi. Drani naye, badala ya kuwa mtu mzima, akaanza kuwasha redio yake kwa nguvu kila baba mkwe alipokuwa anasali. Wakagombania bomba. Wakagombania kivuli cha ukuta. Jogoo wa baba mkwe alivuka mstari, Drani akamrudisha kwa fagio, na kesi ya jogoo ikapelekwa kwa mwenyekiti wa mtaa.

Niliitwa shahidi nikiwa na viazi motoni. Mwenyekiti ni kijana, mtu wa rika la mdogo wangu. Akawasikiliza wote wawili, kila mmoja akisimama wima anapoongea kana kwamba yuko mbele ya afande. Mwisho akasema, "Wazee wangu, hii vita iliisha mimi sijazaliwa. Mimi nina kesi za viwanja, nina kesi za ng'ombe walioingia mashambani. Jogoo wenu mrudi naye nyumbani." Viazi nilivikuta vimeungua.

Hivyo ndivyo tulivyoishi, mama, miezi minne mizima. Na katika miezi hiyo hakuna aliyekumbuka kuuliza mimi nimetoka wapi. Walipiga kelele za Kagera kichwani kwangu, mimi mtu wa Kyaka, mimi mwanao, nikiwapakulia ugali. Nilikaa kimya kwa sababu wewe mwenyewe ulitulea hivyo. Ulituambia mara moja tu kwamba mliporudi nyumba ilikuwa imebaki kuta na mvua inanyesha mpaka kitandani, na babu hakuonekana tena. Baada ya hapo hukusema tena, na sisi tulijua kutouliza.

Sasa sikiliza ilivyokuwa. Mwezi wa kwanza mwaka huu, ule mguu wa baba mkwe ulivimba ukawa kama gogo. Ulikuwa wa moto, ukatoa harufu. Nikamwambia twende hospitali, ni hapa karibu, bodaboda dakika tano. Akakataa. Akasema watamkata mguu, na yeye hatazikwa nusu. Nikamwita katekista, akakataa. Baba Kulwa akampigia, akazima simu. Shemeji akaja kutoka Mwandoya na kuku na maneno mengi, akarudi na maneno yake, kuku tukamla. Mgonjwa amelala kwenye mkeka, homa inapanda, na mimi nimebaki kukanda mguu kwa maji ya chumvi huku nalia kwa hasira, maana angekufa mikononi mwangu kwa ubishi.

Drani alirudi kutoka kazini mchana ule, akasimama upande wake wa mstari wa majivu. Akatazama. Kisha akavuka, kwa mara ya kwanza, akaja mpaka kwenye mkeka, akavuta kiti changu cha jikoni, akakunja suruali. Mama, sijawahi kuona. Paja limeliwa upande mmoja, na mguu wa kulia hauna vidole viwili.

"Hii ni ya kwenu," akasema, akigonga paja. "Ilikaa ndani miaka mingi. Ikaoza. Daktari akatoa, akakata na hii vidole. Mimi natembea. Mimi nabeba mashine."

Baba mkwe akageuza uso ukutani.

"Na hii yako ni ya kwetu," akaendelea. "Chuma ya Uganda. Unataka kufa nayo? Sawa. Mimi nitarudi Arua, nitasema kwa wazee wote: wale watu waliotushinda wanaogopa sindano."

Baba mkwe, ambaye huniita mama kwa Kisukuma chao, akaniambia, bado akitazama ukuta, "Mayu, nipe shati langu jeupe."

Nilikuwa nimesihi siku sita, mama. Yeye alisema maneno matano ya dharau, shati jeupe likatoka.

Hawakumkata mguu. Walimpasua, wakatoa kile chuma na usaha wa kujaza kopo, wakamlaza wiki mbili. Na kwa kuwa wodi ni ya wanaume na mume wangu alikuwa Mwanza, nani alimuuguza? Ni Drani. Alitoka kiwandani akaenda kukaa pale, akamwosha, akamshika walipofunga kidonda, akamlisha uji niliopeleka. Wauguzi walidhani ni ndugu. Siku moja nilifika na chakula nikawakuta wanabishana daraja lipi lilivunjwa kwanza, mgonjwa wa kitanda cha pili amejifunika shuka mpaka kichwani asiwasikie. Nikajua vita imeisha na yangu inaanza.

Maana walirudi nyumbani wakiwa kitu kimoja, na walipokuwa maadui nilikuwa na nafuu. Mstari wa majivu ulifagiliwa na baba mkwe mwenyewe. Jogoo sasa analala mlangoni kwa Drani. Daktari amesema baba mkwe apunguze chumvi, na Drani anamfichia chumvi kwenye kopo la grisi. Nikipika mboga bila mafuta wanatazamana. Nikimwambia baba mkwe apumzike, Drani anasema hii mguu inataka mazoezi, wanatoka wawili, mmoja na fimbo na mwingine anachechemea, mpaka sokoni, wanarudi jua kali wameishiwa pumzi. Na kila siku lazima vita ipigwe upya. Wanachukua maharage yangu ambayo nimeshayachambua, wanayapanga chini. Haya ni ya Tanzania, yale ni ya Uganda, sufuria ni kilima. Nimepika maharage yenye mchanga mara tatu.

Ilikuwa kwenye maharage hayo ndipo ilipotokea. Nilikuwa nasonga ugali, wao wameinama chini. Baba mkwe akasema, "Sisi tulipofika Kyaka hatukukuta mtu. Nyumba zilikuwa wazi juu, unaona mbingu."

Drani akasema, "Hii mabati tulibeba sisi. Mimi nilikuwa dereva. Lori yangu ilijaa mabati na ng'ombe na vitanda. Nilikwenda mara nyingi, nikarudi."

Alisema kama mtu anayesema alibeba mchanga. Mama, mwiko ulikuwa mkononi. Nilitoka jikoni nao, ugali unadondoka. Unajua jinsi huku mkwe anavyotakiwa kuwa mbele ya baba mkwe, macho chini, goti chini. Mimi nilisimama.

Nikamwambia, "Mojawapo lilikuwa la mama yangu."

Hawakuelewa. Nikasema tena, "Mimi nimezaliwa Kyaka. Mama yangu alikuwa msichana. Walikimbia, babu akabaki na ng'ombe wake. Waliporudi babu hayupo, ng'ombe hawapo, bati halipo. Mama yangu alilala na mvua msimu mzima akiwa ameshika wadogo zake. Na nyinyi miezi yote hii mnanipigia vita jikoni, mnagombania jogoo, hakuna aliyewahi kuniuliza mimi ni mtu wa wapi. Sasa mnapanga maharage yangu kana kwamba ni mchezo."

Baba mkwe akasema kwa sauti ndogo, "Mayu, mimi nilijua wewe ni wa Bukoba."

"Kyaka si Bukoba," nikamwambia. Miaka kumi na saba nimekuwa mkwe wake.

Drani aliinuka. Nikadhani ataingia chumbani. Akabaki amesimama, mikono imening'inia. Akauliza, "Babu alikuwa mtu wa namna gani?"

Nikamweleza kama ulivyotueleza mara ile, kwamba alikuwa mfupi, na alikuwa na koti la kijivu alilopewa na padri.

Mama, nilimwangalia usoni kuona kama atadanganya. Akasema, "Sikumwona. Ningemwona ningesema. Niliona wengine, hao nawakumbuka, yeye hapana. Lakini mabati nilibeba. Siwezi kujua ipi ilikuwa ya nani. Nilibeba yote."

Ningependa kukuandikia kwamba alilia au kwamba alipiga magoti. Hakufanya hivyo. Aliokota maharage punje moja moja, akayaweka kwenye ungo, akaingia ndani. Siku mbili hakuja kula.

Sasa ona vituko. Siku ya tatu baba mkwe ananijia jikoni na fimbo yake, amekasirika. Ananiambia, "Mayu, umemvunja moyo mgeni. Yule alikuwa dereva. Aliamriwa."

Nikamtazama. "Baba, si wewe uliyemwita mnyama miezi minne?"

"Wakati ule nilikuwa simjui," akasema.

Nilicheka, mama, nikacheka mpaka nikakaa chini, kisha nikalia, na yeye akasimama pale hajui afanye nini na mkwe anayelia, akaishia kunipa leso yake yenye ugoro. Baadaye nilipakua chakula nikampelekea Drani mlangoni. Nataka uelewe vizuri. Sikumpelekea kwa sababu nimesamehe. Nilimpelekea kwa sababu alikuwa hajala, na kwa sababu nilikumbuka nani alimwosha baba mkwe pale wodini. Kama hayo ni kusamehe au si kusamehe, mimi sijui, na sina wa kumuuliza ila wewe.

Na sasa ndiyo tunafika kwenye kilichonifanya nikae chini niandike. Wiki iliyopita, nimerudi kutoka kusaga mahindi, nawakuta wawili wameketi sebuleni kwenye kochi, mashati yamepigwa pasi, kofia magotini, kama washenga waliokuja kuposa. Nikajua kuna balaa.

Baba mkwe ndiye aliyesema. "Mayu, tunaomba ruhusa. Tunataka kwenda Kyaka kwa mama yako. Huyu ana mabati yake anataka kuyapeleka."

Mabati yalikuwa yameshafika, yameegemezwa nyuma ya nyumba, na kuku wameanza kuyachafua.

Nikawaambia, "Nyumba ya mama ina bati. Kaka aliezeka zamani."

"Basi jiko," akasema baba mkwe.

"Jiko nalo lina bati."

"Banda la mbuzi."

"Wazee wangu," nikasema, "mmoja ana kidonda ambacho hakijafunga, mwingine hana vidole. Nani kati yenu atapanda juu ya paa? Mtaanguka wote wawili, mama yangu awe na maiti mbili uani, moja ya Mtanzania na moja ya Mganda, tuanze upya."

Baba mkwe akaanza kueleza watakavyofunga kamba. Drani akasema, "Mama Kulwa. Mimi sisemi hii nyumba inavuja."

Niliingia ndani nikajifanya natafuta chumvi.

Tangu siku hiyo hakuna amani. Kila asubuhi baba mkwe anauliza, "Umemwandikia?" Kidonda anakitazama mara tatu kwa siku akikihimiza kifunge. Kazi ya Drani kiwandani inaisha pamba ya mwaka huu ikimalizika, na anasema hatarudi Arua bila kupitia kwako, au bila kuambiwa na wewe mwenyewe kwamba asipite. Wamepanga mabasi watakayopanda mpaka Mwanza na kutoka Mwanza. Wamegombana nani akae dirishani. Nimewaambia hakuna anayepanda chochote mpaka wewe useme, na kwa hilo tu wananiogopa.

Nisalimie kaka, mwambie magoti yangu yanamsujudia kwa ile ndizi aliyotuma, ilifika imeiva yote na watu wa mtaa walikula. Msalimie mkewe, na simu yake. Msalimie shangazi wa mtoni, umwambie kitambaa alichoagiza nimekipata lakini si cha rangi ile. Msalimie dada anayefundisha shule ya msingi, na wanawe. Mpe pole mama jirani aliyefiwa. Msalimie na padri mpya, ingawa hatujuani. Wajukuu wako wanakusalimu, Doto anasema kwa Kihaya, maneno mawili anayoyajua.

Mama, hili ni lako. Babu alikuwa baba yako, na mvua ilinyeshea kitanda chako, si changu. Sitaki ukubali kwa ajili ya ndoa yangu au kwa sababu baba mkwe ni mtu mzima. Ukisema wasije, nitawasomea maneno yako kama ulivyoyaandika, na katika nyumba hii hakuna atakayekulaumu; mabati tutayatumia kwenye choo cha shule. Ukisema waje, basi usihangaike kupika vya wageni. Wape ndizi na maharage kama unavyompa mtu yeyote aliyekuja kazini, waonyeshe lile banda la mbuzi, kisha vuta kiti chako ukae mahali unapoweza kumwona yule mrefu vizuri, umuulize mwenyewe yote uliyoyanyamazia. Atakujibu. Hilo naweza kukuhakikishia, maana nimemjaribu: hasemi asichokijua, na anachokijua hakifichi.

Nangoja jibu la mkono wako.

Mimi mwanao,
Kemilembe
(Mama Kulwa)